Ukurasa wa Tisa

Nyuzi nyekundu zilikuwa tano, na zote zilikimbilia mahali pamoja. Zilianzia kwenye kadi tano zilizobandikwa huku na huku juu ya ubao wa maktaba, zikakatiza katikati, zikakutana kwenye pini moja kama mbuzi waliofungwa kigingi kimoja. Chini ya pini hiyo palikuwa na kadi ya manjano, na juu ya kadi hiyo, kwa hati ya kalamu nene, jina la mwalimu wa historia, mwaka, jina la kijitabu chake, na maneno mawili mafupi: ukurasa 9.

Mwalimu wa historia alisimama mlangoni akaitazama kadi ile, na kifua kikamjaa. Wanafunzi walimwita Kamusi, kwa kuwa hapajatokea swali la kumkosesha neno. Mwenyewe alijifanya hana habari na jina hilo, ila mtu akilitamka nyuma yake alipunguza mwendo ili alisikie vizuri. Miaka thelathini na miwili alikuwa amefundisha katika sekondari ile. Kilichobaki ni mwaka mmoja na nusu astaafu. Na leo amealikwa maktaba, mbele ya kidato cha tatu, anakuta habari zote za mji zimekuja kumwamkia.

"Karibu, Mwalimu," mkutubi alisema. "Kila tulikopita tumekukuta wewe."

Mkutubi huyo alikuwa mgeni wa mihula miwili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na wanafunzi walikwisha kumpa jina la Bi Nani-Kasema. Ukimwambia mvua inanyesha, atauliza nani kasema. Ukimwambia umeiona, atauliza umeiona dirishani au umelowa. Alipofika aliikuta maktaba imekuwa ghala la viti vilivyovunjika miguu, na vitabu vimefungiwa kabatini visije vikasomwa. Mwezi wa kwanza alitoa viti. Mwezi wa pili alitoa vitabu. Wa tatu akaanza kuwatoa watoto wa watu gizani, na kazi hiyo ilikuwa ingali ikiendelea.

Hakuwa mkali. Kidato cha tatu walipoandika insha zao za kwanza za utafiti, wengi wao walimalizia kwa mstari mmoja: "Chanzo: mtandao." Hakumchapa mtu wala hakurarua daftari. Alimwita mmoja mbele, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, ukichelewa kurudi nyumbani, mama akakuuliza ulikuwa wapi, ukamjibu 'nje', atakuacha?"

"Ataniua, Bi Mkutubi."

"Basi 'mtandao' ndiyo 'nje' yenyewe. Mimi nataka mtaa, nyumba, na aliyekufungulia mlango."

Tangu siku hiyo walijifunza kuandika mwandishi, mwaka, jina la kitabu na ukurasa. Na kama ni tovuti, waandike na siku waliyoisoma, maana tovuti, alisema, ni kama kauli ya mlevi: kesho ikikana, utabaki na nini? Kisha akawaletea kadi na uzi. Kila chanzo kikapewa kadi yake. Chanzo kilichopata habari kwa mwenzake kikaunganishwa naye kwa uzi. Wanafunzi waliuita mchezo huo "ukoo", wakaupenda kuliko mpira, kwa sababu humo mlikuwa na watoto wa nje, mapacha, na wazazi waliokana watoto wao.

Kamusi aliyatazama hayo kwa mbali, mdomo ameukunja upande mmoja. Zama zake mwanafunzi aliandika alichosema mwalimu, na mwalimu ndiye alikuwa chanzo, mto na bahari. Siku moja katika chumba cha walimu alimtupia mkutubi methali ili amnyamazishe. "Lisemwalo lipo," alimwambia.

Mkutubi aliendelea kukoroga chai yake. "Lipo, Mwalimu," alisema. "Lipo kinywani."

Walimu walicheka hadi wengine wakamwaga vikombe. Kamusi alitafuta jibu siku mbili asilipate, na mtu anayeitwa Kamusi hapendezi kukosa neno siku mbili.

Lakini leo, mbele ya ubao ule, alikuwa tayari kumsamehe. Ikiwa uzi na kadi zinamfikisha mtu kwake, basi mchezo una maana.

Aliyesimama kueleza alikuwa msichana mwembamba mwenye nywele nyingi, aliyejulikana shule nzima kwa jina la Msumari: umbo lake lilikuwa hilo, na swali lake likishaingia halitoki bila kuvuta kipande cha ubao. Insha yake ilihusu maji ya mji. Baada ya wiki tatu halmashauri ingezindua tangi jipya kilimani, na tangi hilo lingepewa jina la mtu aliyeigundua chemchemi ya mji, ambaye ni marehemu baba yake Kamusi. Insha bora ya shule ingesomwa mbele ya wageni siku hiyo, na iliyochaguliwa ni ya Msumari.

"Nilipata vyanzo vitano," Msumari alisema. "Gazeti. Tovuti ya halmashauri. Kibao cha shaba kilichopo kwenye chemchemi. Kitabu cha wanafunzi wa msingi. Na hotuba ya mwenyekiti wa zamani. Vyote vinasema baba yake Mwalimu alitembea kilimani siku tatu bila kula, akifuata sauti ya chura, mpaka akaiona chemchemi. Nikafurahi. Nikasema nina mashahidi watano, kesi imekwisha."

"Kisha?" mkutubi aliuliza.

"Kisha ukaniambia niangalie wanapokosea, kwa sababu watu wawili wanaweza kupatia bila kujuana, lakini hawakosei sawasawa. Nikaangalia. Vyote vinasema chemchemi ipo kilima cha mashariki." Msumari alimgeukia Kamusi kwa adabu. "Mwalimu, jua linazama nyuma ya kile kilima. Nilikaa nikalitazama jioni tatu, ili nisije nikalisingizia."

Darasa likaangua kicheko. Kamusi naye akacheka, ingawa shingo ilimwasha. Mashariki! Lilikuwa kosa la mpiga chapa, na yeye hakulisahihisha kwa kuwa kijitabu kilitakiwa kesho yake, siku ya jubilei ya shule. Miaka ishirini na miwili kilima kilikaa upande usio wake, mji mzima ukakiangalia kila jioni, na hakuna aliyesema neno.

"Vyanzo vitano vilivyonakiliana," mkutubi alisema, "ni mtu mmoja aliyevaa kofia tano. Kofia tumezivua. Mwenyewe ndiye huyu hapa, tunashukuru yu hai na amekuja. Msumari, malizia."

Msumari alikuwa ameshika uzi wa sita. Ncha moja alikwisha kuifunga kwenye kadi ya manjano; nyingine ilining'inia mkononi mwake.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Huu wako uende wapi?"

Kamusi aliitazama ncha ile ya uzi.

"Utafiti," Kamusi alisema.

"Upi, Mwalimu?"

"Nitakuletea," alijibu, akatazama saa ambayo hakuisoma.

* * *

Mkutubi hakumfukuzia. Alimkabidhi tu karatasi ile ile aliyowapa wanafunzi, yenye maswali manne, na nafasi ya kujibu chini ya kila moja. Nani kasema? Alijuaje? Nani mwingine anajua? Anapata nini tukimwamini?

Kamusi alikaa nayo ofisini kipindi kizima. Maswali mepesi, unaweza kumuuliza hata mtoto. Ndiyo maana yalikuwa mabaya. Nani kasema? Aliikumbuka vizuri siku aliyoambiwa. Alikuwa na miaka saba. Baba alikwisha kufa, na yeye alimkumbuka kwa vitu viwili tu, kikohozi na kivuli mlangoni. Shuleni watoto walikuwa wakijigamba kwa baba zao, huyu dereva, huyu askari, yule anashika sindano hospitali. Walipomgeukia yeye hakuwa na la kusema. Alirudi nyumbani analia, na mama yake akamketisha karibu na cherehani akampa habari ile: siku tatu, njaa, kilima, chemchemi. Kesho yake aliipeleka shuleni kifua mbele. Hajapata kuonewa tena.

Mkuu wa shule alipomwomba ukurasa mmoja kuhusu maji ya mji, hakuwa na haja ya kwenda popote. Aliuandika kwa kalamu moja, bila kufuta.

Sasa aliandika kwenye karatasi, "Mama yangu," akaitazama. Ilionekana ndogo. Habari iliyokwisha kuvaa shaba na kusomwa na wenyeviti, kumbe imesimama juu ya mwanamke mmoja na cherehani. Akafuta. Wazo likamjia, likamkalia begani kama mtu anayemjua: andika "Mzee mmoja, fundi wa zamani, sasa marehemu." Nani atakwenda kumuuliza marehemu? Akaandika. "Mzee mmoja, fundi wa..."

Hapo macho yakaangukia swali la nne. Anapata nini tukimwamini?

Anapata tangi, Kamusi alijijibu moyoni. Lita laki mbili, lenye jina la baba yake.

Alikunja karatasi ile akaitia mfukoni, akaenda maktaba kuomba nyingine. Mkutubi alikuwa juu ya ngazi akipanga vitabu. Alimpa karatasi mpya bila kuuliza ya kwanza imeliwa na nini.

"Mwanafunzi wako anauliza sana," Kamusi alisema.

"Ni wako kabla ya kuwa wangu. Wewe ndiye uliyemfundisha kupenda habari za kale. Mimi nimemwonyesha tu mlango wa nyuma."

"Na akikuta huko nyuma hakuna kitu?"

Mkutubi alishuka ngazi moja. "Mwalimu, mimi nilipoanza kazi nilimwelekeza mgonjwa kitabu cha dawa za mitishamba. Kilikuwa kizuri, kina picha. Sikuuliza kimeandikwa na nani. Alipona, kwa bahati yake na yangu. Lakini tangu siku hiyo naogopa kitu kizuri chenye picha." Akapanda tena. "Sijaja kukunyang'anya chaki."

Kamusi aliandika pale pale, amesimama, karatasi ameiegemeza kwenye rafu: Mama yangu.

Msumari alipoisoma, uso ulimng'aa kama aliyepewa zawadi. "Yupo hai, Mwalimu?"

"Yupo."

"Basi tumepona! Twende."

* * *

Mama yake alikuwa na miaka themanini. Mwaka uliopita pia alisema themanini, na uliotangulia vilevile; alisema hesabu hiyo ameizoea, haoni sababu ya kuhama. Shule aliiacha darasa la nne. Hadi leo alishona pindo za nguo za majirani barazani kwake, na kila aliyeleta suruali aliondoka na suruali na umbea.

Ijumaa Kamusi alimpitia. "Mama, kesho nitakuja na wageni. Watakuuliza habari ya baba na chemchemi. Waambie kama ulivyoniambia mimi."

"Kama nilivyokuambia wewe?"

"Ndiyo."

"Haya," mama alisema, akakata uzi kwa meno. "Mtaka yote ni wewe."

Jumamosi asubuhi walifika watatu. Msumari alitoa shikamoo mpaka magoti yakagusa sakafu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye unayeuliza? Mbona umekonda hivi, maswali yanakula chakula chako?"

"Bibi, unaniruhusu kuandika jina lako na maneno yako?"

"Jina andika. Maneno, ngoja kwanza niyaone yanavyotoka."

Mkutubi akakaa kwenye mkeka. Kamusi alibaki amesimama, mkono juu ya nguzo, kama mtu anayesubiri kusomewa sifa zake.

"Bibi," Msumari alisema, "nani aliigundua chemchemi?"

Gurudumu la cherehani likasimama. "Kuigundua? Kwani ilikuwa imepotea?"

Msumari akainua kalamu.

"Sisi tulikuwa tunafua pale," bibi aliendelea. "Mama yangu alifua pale, na mama yake. Lipo jiwe limelika katikati kwa kupigiwa nguo, nenda ukalikalie. Sasa mwanamume anaigundua vipi chemchemi iliyojaa wanawake wenye mapovu? Labda sisi ndio tuliomgundua, anatuchungulia."

Mkutubi alijifunika mdomo kwa mkono. Kamusi hakucheka.

"Mama. Baba alitembea siku tatu."

"Nani kasema?"

"Wewe!"

"Mimi nilisema." Bibi aliivua miwani yake, ambayo mkono mmoja ulikuwa wa kamba, akamtazama mwanawe vizuri. "Ulikuwa na miaka saba. Umekuja unalia, kamasi mpaka kidevuni, unataka baba wa kuwaonyesha wenzako. Mimi ningekutolea wapi baba? Nilikuwa na uzi na sindano, nikakushonea mmoja. Mimi nilimwambia mtoto, mwanangu. Sikuuambia mji."

Kamusi alipouliza, sauti iliyotoka haikuwa ya mtu wa miaka hamsini na minane.

"Na chura?"

"Chura nilimwongeza siku ya pili. Ya kwanza ulikuwa hujaacha kulia kabisa."

Kamusi akakaa chini, pale pale penye nguzo. Miaka mingapi amewasimulia watoto wa watu habari ya yule chura? Alikuwa na sauti yake. Alimwiga darasani, na darasa la jirani lilimwitikia.

"Kwa nini hukuniambia nilipoandika kitabu?"

"Uliniletea, ukasema, 'Mama, kimetoka,' ukaondoka. Mimi nasoma pole pole. Nilipofika ukurasa wa tisa, kibao kilikuwa kimekwisha kutundikwa na watu wamekwisha kupiga makofi." Aliirudisha miwani. "Tena hukuniuliza. Huyu mtoto ndiye wa kwanza. Mpe maksi zake."

Msumari alikuwa amekoma kuandika. Alimtazama mwalimu wake, akamtazama bibi, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayetamani swali lake lisingalijibiwa. "Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "sasa kweli ni ipi?"

"Andika mafungu matatu," bibi alimwambia. "Niliyoyaona. Niliyoyasikia. Niliyoyatunga. Usije ukayachanganya ukaniaibisha uzeeni. Ya kutunga umekwisha kuyapata, tena yamechongwa kwenye shaba. Niliyoyaona: mume wangu alikuwa kibarua wa mabomba. Kazi yake ilikuwa maungio. Anazungusha katani kwenye meno ya bomba, anapaka rangi, anakaza kwa spana. Kutwa nzima hiyo hiyo. Vidole vyake vilinuka rangi hata akila. Niliyoyasikia: mhandisi alisema maungio yake ndiyo yaliyovuja kidogo kuliko ya wote. Lakini hilo nililisikia kwake mwenyewe, kwa hiyo lipunguze nusu."

"Mwaka gani, Bibi?"

"Siukumbuki. Andika kwamba siukumbuki, usinitafutie mwingine. Mvua zilikuwa nyingi, huyu nilikuwa namnyonyesha."

Mkutubi alikuwa akifuta miwani yake kwa upindo wa nguo, akifuta mahali ambapo palikwisha kutakata zamani. "Bibi," alisema, "hayo mafungu matatu nimehangaika nayo mihula miwili. Ungekuja darasani mara moja tu, ningepumzika."

"Mimi wa darasa la nne, nije nifundishe nini?"

"Hilo hilo."

"Mshahara wake upo?" bibi aliuliza, na cherehani likaanza tena.

* * *

Walirudi kwa miguu. Mkutubi alitangulia mbele makusudi, akijifanya kutazama maua ya watu.

"Mwalimu," Msumari alisema, "niandike?"

Kamusi alijua uzito wa swali hilo. Neno moja lingetosha. Angesema, "Achana nalo," na mtoto angeachana nalo, si kwa kushawishika, bali kwa heshima. Kisha angekua akijua kwamba ukweli unaulizwa mpaka unapofika kwa mwalimu, hapo unavua viatu. Tangi lingezinduliwa. Mama asingesema kitu. Amekaa kimya miaka ishirini na miwili, angeshindwa mingine? Alimtazama msichana yule mwembamba aliyekaa jioni tatu kutazama jua linakozama ili asije akalisingizia. Yeye, Kamusi, hakuwahi kumfanyia hivyo hata baba yake.

"Umeandikaje kuhusu kosa?"

Msumari alifungua daftari akitembea. "'Baadhi ya vyanzo vya awali vilipotoka.'"

"Baadhi ya vyanzo ni akina nani? Hiyo ni 'nje'." Alipiga moyo konde. "Andika jina langu. Mwaka. Jina la kijitabu. Ukurasa wa tisa. Uandike hakutaja chanzo. Na kilima ukirudishe magharibi."

Jumatatu alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye mlango wa halmashauri. Afisa wa miradi alimsikiliza akiwa ameshika kalamu, kisha akaiweka mezani.

"Mwalimu, jina limekwisha kuchongwa kwenye jiwe."

"Lifuteni."

"Hakuna aliyelalamika."

"Mimi ninalalamika."

"Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa," afisa alisema taratibu. "Watu wanakuja kuombea baba zao majina. Sijaona aliyekuja kumshtaki wake."

"Simshtaki. Namtoa kwenye kazi isiyokuwa yake."

Afisa alisema atajibu kwa barua. Kama jina litafutwa, kama insha ya Msumari itasomwa mbele ya wageni au itaambiwa muda hautoshi, hakusema, na sura yake ilikuwa ya mtu ambaye barua zake hazina haraka.

Kipindi cha tatu Kamusi aliingia maktaba. Alichukua kadi tupu, akaandika jina la mama yake, mahojiano ya ana kwa ana, tarehe. Akaibandika chini ya ile ya manjano, akaushika uzi wa sita uliokuwa ungali unaning'inia, akaufunga mwenyewe. Uzi ulimponyoka mara mbili. Kisha akawageukia wanafunzi, akawaeleza yote, pamoja na ile karatasi aliyoanza kumwandika marehemu asiyekuwapo. Hiyo hakuna aliyeijua. Angeweza kuiacha mfukoni.

Nyuma kabisa mkono ukainuka. "Mwalimu, sasa tangi litaitwaje?"

"Sijui," Kamusi alisema.

Watoto wakatazamana. Neno hilo hawakuwahi kulisikia kwake, na walilipokea kwa uangalifu, kama chombo cha udongo kinachopita mikononi mwa wengi. Mkutubi alivuta kiti, akakiweka kati ya wanafunzi, na mbele yake akaweka rundo la kadi tupu.

* * *

Jioni ya siku hiyo Kamusi alimkuta mama yake akianua nguo. Alimpokea nusu ya mzigo. Walikunja pamoja, huyu ncha hii, yule ncha ile.

"Umenikasirikia?" mama aliuliza.

"Kidogo."

"Haya. Kidogo nakubali."

Wakakunja shuka. "Mama," alisema, "siku maji yalipofika mjini, baba alikuwa wapi?"

Ndilo swali la kwanza alilowahi kumuuliza kuhusu mtu yule ambalo halikuwa la kujigamba nalo. Mama aliibana shuka kifuani, akafikiri.

"Kulikuwa na sherehe," alisema. "Ngoma, viongozi, kila mtu kwenye bomba la sokoni. Yeye hakuja. Nikamfuata, nimekubeba mgongoni. Nikamwona juu kule anashuka akilifuata bomba, pole pole. Kila ungio anainama, anaweka kiganja chini yake, anangoja, anakitazama kama kimelowa. Kisha anaenda kwa lingine. Mpaka chini. Hakuniona."

"Uliona mwenyewe?"

"Kwa macho haya. Yakiwa mapya."

"Maungio yalikuwa mangapi?"

"Sikuhesabu," mama alisema, akamtwika shuka zote. "Nenda kahesabu."

Jumamosi iliyofuata, kabla jua halijawa kali, mtu mzima mwenye koti la ualimu alionekana kilimani. Bomba la zamani lilikuwapo bado, chuma cheusi kilichozama nusu kwenye majani. Alianzia kwenye chemchemi, karibu na jiwe lililolika katikati. Kwenye kila ungio aliinama, magoti yakilia, akaweka kiganja chini, akangoja, akakitazama. Pakavu. Akaandika moja. Pakavu. Akaandika mbili. Kulikuwa na wanawake waliokuwa wakipanda na ndoo. Walimwamkia, wakamwuliza amepoteza nini, naye akawajibu kwamba bado hajajua.

Kwenye la kumi na saba kiganja kilirudi na unyevu. Tone moja, baridi, likateleza hadi kwenye kifundo cha mkono. Kamusi alilitazama muda mrefu, akacheka peke yake, akafungua daftari juu ya goti, na hilo nalo akaliandika.